Tonge la Udongo katika Nchi ya Shingojuu

Iko nchi inayoitwa Shingojuu, wala usihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana waliochora ramani walipita juu yake wakiwa wamelala. Ni nchi ya tambarare, iliyozungukwa na vilima vya rangi ya majivu, na katikati yake, mahali ambapo watu wengine wangeweka soko au kisima, pamelala uwanja wa lami, mweusi kama ulimi wa mtu aliyekula zambarau, mrefu kiasi kwamba anayesimama kichwani haoni mkiani. Uwanja huo waliujenga babu za babu zao, kwa mikono na kwa njaa, baada ya kuambiwa kwamba ndege kubwa iko njiani, imesheheni fungu la kila mtu: nguo, dawa, mabati, sukari, na raha nyingine ambazo hazijapata jina. Ndege hiyo haijafika. Hupita nyingine, juu kabisa, zikiacha mstari mweupe kama uzi uliomtoka fundi cherehani, na watu wa Shingojuu huzitazama mpaka zipotee; wamezitazama vizazi na vizazi, hata wamezoea kutembea wameinua videvu, wakijikwaa kwenye mawe, wakitumbukia mitaroni, wakioana bila kutazamana vizuri usoni.

Wanaoitawala nchi hiyo huitwa Marubani. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za Mnara wanamoishi, lakini wote huvaa kofia zenye ukingo wa kung'aa na mistari ya dhahabu mikononi, na kila yanapopita mavuno hujiongezea mstari. Wakubwa wao wamejaa dhahabu kutoka kifundoni hadi kwapani, hawawezi tena kukunja viwiko, na hulishwa kwa vijiko virefu na watu wasiokula. Mkuu wao, Rubani Mkuu Makweo, ana mistari hata shingoni. Kila alfajiri kipaza sauti cha Mnara hutoa tangazo lile lile, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufa zamani: "Subirini. Inakuja. Fagieni." Na watu hufagia lami, kisha hupeleka Mnarani kodi ya mafuta ya ndege isiyokuwapo, na gunia moja la nafaka ya mapokezi kwa kila nyumba, yakahifadhiwe ghalani hadi siku ya kutua.

Kwenye lami hiyo ndipo alipoanguka Mbaraka, mume wa Bi Maimuna, ufagio mkononi. Waliomwosha walijaribu kumshusha kidevu, kikakataa. Wakamwacha alivyo, Mola amrehemu.

Sasa, Shingojuu ina desturi moja ambayo haikutoka Mnarani. Mjane akimaliza eda yake, huunga kindege cha mti kwa mikono yake mwenyewe, akapanda nacho kilimani, akakirusha huku akilitaja jina la marehemu. Kikiteleza hewani kikatua polepole kama jani, basi marehemu ameagwa, na mjane anarudi kwa watu: ataalikwa arusini, ataketi vibarazani, ataombwa chumvi. Kabla ya hapo huachwa peke yake. Si kwa ubaya wala kwa chuki. Watu humpitia mbali jinsi unavyompitia mbali mtu aliye katikati ya mazungumzo na mwenzake.

Vindege hivyo vilitengenezwa Mtaa wa Randa, na mafundi wadogo wadogo waliorithishana kazi hiyo. Hawakuviuza vikiwa vizima. Walitoa sanduku jembamba lenye vipande: mbavu za mabawa, uti wa katikati, mkia, karatasi laini ya kuvika mbavu, na gundi kwenye kichupa. Mti wake ni msufi, uliokaushwa kivulini bila papara, na fundi aliupima kwa kuuweka shavuni. Ukimpa ubaridi, aliurudisha rafuni ukakae tena. Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakikutiwa sandukuni, nacho ni tonge la pua. Kindege kisicho na uzito puani hunyanyua pua kama mwenye kiburi, kikakosa hewa, kikaangukia mkia. Kwa hiyo mwenye kindege alifinyanga tonge lake mwenyewe, kwa udongo wa kizingiti chake, pale nyayo za watu wa nyumba zilipopita, akalitia puani na kulipunguza kidogo kidogo hadi kindege kitulie. Tonge la mwingine halikufaa, wala la fundi.

Marubani walipotanabahi kwamba kuna kitu kinaruka nchini bila ruhusa yao, walifungua kiwanda cha vindege vya bati. Hapo uliagiza mlangoni ukapokea dirishani. Havikuruka; ukikirusha kimoja kilianguka miguuni pako, mlio mmoja kama wa kengele, kwisha. Lakini kilimani aliwekwa karani wa kupiga muhuri kwamba kimeruka, na kwa kuwa watu walikuwa na haraka ya kurudi arusini, wakazoea. Mtaa wa Randa ukaanza kubomolewa, karakana moja baada ya nyingine, ili lami irefushwe. Akabaki fundi mmoja, Shebe, mtu wa makamo mwenye mafua yasiyoisha na ulimi mkali, ambaye hata mafundi wenzake hawakumpenda sana.

Bi Maimuna alikuwa na elimu ya shule ya msingi, iliyomtosha kusomea Kitabu chake na kuandika jina. Siku alipotoka edani alikwenda kwa Shebe moja kwa moja.

"Mti haujakauka," Shebe alisema bila kuinua uso.

"Utakauka lini?"

"Utakapokauka. Au nikuambie kesho ili ufurahi leo?"

"Usiniambie kesho. Kesho nimekwisha kuambiwa sana."

Shebe akapenga kamasi, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Kule dirishani unapata sasa hivi, mama. Ukitoka hapa mkono wa kulia. Usije ukanilaumu mvua zikianza."

"Nilikiona cha jirani yangu. Kilianguka hajamaliza kulitaja jina la mumewe."

Shebe alimwonyesha msumari mlangoni. Bi Maimuna akachana ncha ya kanga yake, akaifunga pale, na hiyo ndiyo ilikuwa oda. Maana sheria ya kale ya Shingojuu, iliyokuwapo kabla ya Mnara, inasema: anayengoja asivunjiwe anachongojea. Karakana yenye kitambaa cha mteja mlangoni haibomolewi, na kitambaa hakifunguliwi mpaka kindege kiwe kimeruka. Marubani waliichukia sheria hiyo lakini hawakuthubutu kuifuta, kwa sababu ndiyo iliyoushikilia Mnara wao. Siku watakayosema kungoja hakuna haki, nani ataamka kufagia?

Basi karakana ya Shebe ikawa imesimama kwa ncha moja ya kanga.

Bi Maimuna alirudi nyumbani, akachota udongo wa kizingiti, pale Mbaraka alipokuwa akikung'utia vumbi la lami kila jioni, akafinyanga tonge lake, la ukubwa wa kokwa ya tende. Aliliweka dirishani. Kila alfajiri, baada ya sala, alitia vidole majini akalilowesha lisipasuke, kwa kuwa hakujua atalihitaji siku gani. Mara nyingine hicho ndicho kitu pekee alichokigusa siku nzima ambacho kilibadilika kwa kuguswa.

Mvua zikaja, zikakaa kuliko kawaida. Msufi haukukauka. Watu walipita mbele ya mlango wake wakiongea, wakanyamaza, wakapita, wakaendelea kuongea. Alijifunza kuwajua kwa mahali wanapokatisha maneno. Alipika kidogo, na bado kikabaki. Usiku aliendelea kulala upande wake wa kitanda, kana kwamba ule mwingine una mtu aliyechelewa.

Jirani yake, Bi Kauthari, alizungumza naye siku moja kwa kupitia ukutani, sauti ya chini.

"Shoga, chukua cha bati tukae. Binti yangu anaolewa. Nani ataketi upande wangu?"

"Una dada zako."

"Dada zangu wanakula na kusinzia, unawajua. Wewe ndiye uliyemkata mtoto kitovu. Kinachukua muda gani hicho cha bati? Unakitupa, kinaanguka, unakuja."

"Na Mbaraka?"

"Mbaraka ataelewa. Alikuwa mtu wa kuelewa."

"Ndiyo," Bi Maimuna akasema. "Ndivyo walivyomfagiza mpaka akafa."

Siku ya arusi alisikia ngoma kutoka ndani. Alizijua nyimbo zote, hata ule wa kumtoa bwana arusi jasho, na midomo yake ikazifuata bila sauti, huku akichambua mchele usio na mawe. Jioni alikuta sahani ya pilau imeachwa kizingitini, imefunikwa kawa. Aliyeileta hakubisha hodi. Alikula akiwa amesimama, kisha akakaa, kwa sababu aliona si adabu kula chakula cha arusi kwa kusimama.

Mvua zilipokoma alikuja Afisa wa Anga, Bwana Ngwamba, kijana mwenye mistari miwili tu mkononi, mwenye kutamani wa tatu. Alivua kofia mlangoni, kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri kabla hajaajiriwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Sitakaa. Nimetumwa. Wakubwa wanasema ukakifungue kile kitambaa. Utaezekewa nyumba upya, na ndege ikitua utapewa fungu la kwanza, la mbele kabisa. Leo leo unapigiwa muhuri, jioni unakaa na wenzako."

"Nimefanya kosa gani? Mimi ninangoja tu. Si ndivyo mlivyotufundisha?"

Bwana Ngwamba akaizungusha kofia mikononi. "Hiyo ni subira ya namna nyingine, mama."

"Nifafanulie, elimu yangu ndogo."

"Ile ni ya wote. Hii ni yako peke yako."

"Ni kweli, ni ya peke yangu," alisema, na neno lenyewe lilikuwa kweli kuliko alivyodhani mwenye kulisema. "Lakini nikipita kwa Shebe nasikia msasa, mwanangu. Nikipita Mnarani huwa nasikiliza, sisikii kitu."

Kijana akavaa kofia. Alipofika njiani aligeuka kama mwenye neno, akakumbuka mistari yake, akaenda.

Hatimaye msufi ukatoa joto kwenye shavu la Shebe. Alilileta sanduku mwenyewe, amelibeba kama mtoto aliyelala, akaliweka kizingitini.

"Usiharakishe gundi," akamwambia. "Iache ishike. Watu huharibu kwenye gundi."

"Nimengoja msufi, nitashindwa na gundi?"

Shebe akacheka, kicheko kilichogeuka chafya, akaondoka. Bi Maimuna alilifungua sanduku. Vipande vililala humo vyepesi na vyeupe, kila ubavu mwembamba kama ukucha, na harufu yake ilikuwa ya kitu ambacho hakikuibiwa wakati wake. Alitoa tonge dirishani akaliweka kando ya sanduku. Alikaa akivitazama, akalia kidogo, kisha akaanza kutafuta meza iliyonyooka.

Hajaipata, hodi ikapigwa. Ni Bwana Ngwamba tena, safari hii na askari wawili.

Jambo lilikuwa hivi. Ghala la mapokezi lilikuwa limejaa hadi darini, na kwenye lami watu walikuwa wameanza kuulizana maswali huku wakifagia. Rubani Mkuu Makweo akaona hakuna haja ya kungoja ndege. Ataunda yake, ataipanda mbele ya umma siku atakayoitangaza kuwa Siku ya Kutua, akaifuate ile kubwa huko iliko. Hayo ndiyo yaliyotangazwa. Kwamba magunia yote ya ghalani yatapakiwa yaende naye, hilo halikutangazwa. Sasa wahandisi wa Mnara walihitaji mfano, na katika nchi nzima hakuna aliyejua kitu chochote kinachoruka ila vindege vya Shebe. Lilitakiwa sanduku, likuzwe kila kipande mpaka kitoshe watu.

"Samahani, mama," Bwana Ngwamba akasema, na alimaanisha. "Litarudishwa."

Bi Maimuna alilifunika sanduku, akaufuta mfuniko kwa kiganja. Angeweza kunyamaza. Ulimi wake ulitamani kunyamaza, akauona utamu wa jambo hilo, akaogopa, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusali.

"Sikiliza, mwanangu, ukawaambie. Halijakamilika. Tonge la pua halimo. Hili ni langu, halitawafaa. Lenu mtafinyanga wenyewe, udongo wa kizingiti chenu, mkono wa mwenye ndege. Bila hilo, mkia utawashusha."

Bwana Ngwamba aliinama, akalibonyeza lile tonge bichi kwa kidole cha shahada, akatazama ncha ya kidole chake.

"Matope?"

"Udongo."

Alijifuta kwenye suruali, akabeba sanduku. Tonge likabaki pale pale, na shimo la kidole chake katikati, hadi Bi Maimuna alipolirudisha dirishani.

Wala asije mtu akasema kijana hakufikisha ujumbe. Aliufikisha neno kwa neno. Lakini Mnara kizingiti chake ni marumaru, na ndani yake hakuna pahali penye udongo hata wa kufukia mbegu. Wakataka kutuma watu wakachote nje. Rubani Mkuu akauliza utafinyangwa na nani, akaambiwa na yeye mwenyewe. Akaitazama mikono yake, iliyonyooka kama makasia, isiyokunjika.

"Matope hayakai mbele yangu," akasema.

Wakaiacha pua tupu, wakaipaka dhahabu. Na ilipofika kupakia, magunia yakawekwa nyuma, na Marubani wote wakataka kuketi nyuma, kila mmoja karibu na magunia, kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake amlindie.

Siku ya Kutua lami ilifagiwa mpaka ikaakisi mawingu. Bi Maimuna hakuwa na mahali katikati ya watu, basi alipanda kilimani peke yake, kule ambako angekuwa amemuaga Mbaraka. Kutoka juu aliiona ile ndege: ilikuwa kindege chake. Aliutambua mkunjo wa bawa, kazi ya Shebe, umekuzwa hadi ukaziba nusu ya uwanja. Watu waliikokota kwa kamba, mamia kwa mamia, wakikimbia juu ya lami ambayo kwa vizazi waliifagia tu. Upepo ukaingia chini ya mabawa. Ikanyanyuka. Vigelegele vikamfikia kilimani vimechelewa kidogo, kama habari za mbali.

Ikapanda pua juu, ikazidi kuinua pua, mkia ukining'inia kwa uzito wa magunia na wa wenye magunia, hadi ikawa imesimama wima hewani kama mtu wa Shingojuu mwenyewe, kidevu angani. Kamba zikakatika moja moja zikaanguka juu ya lami. Kisha ikaingia kwenye wingu, ikiwa imekalia mkia wake, na wingu likajifunga.

Watu wakangoja. Hakuna kilichotokeza upande wa pili wa wingu. Baadaye kulikuja mngurumo kutoka nyuma ya vilima, au pengine ilikuwa radi, maana ulikuwa msimu wake. Wapo wanaosema imeanguka mbali, wapo wanaosema ingali huko juu, inatafuta pa kutua, na kwamba lami ya Shingojuu, kutoka juu, inaonekana nyembamba kama unywele. Kilichojulikana ni kwamba hakuna aliyebaki Mnarani wa kukizima kipaza sauti, nacho, kikiwa kimeelekezwa angani tangu zamani, kiliendelea kutangaza kwa sauti ile ya marehemu: "Subirini. Subirini. Subirini."

Baadhi ya watu wakaweka mafagio chini. Baadhi wakafagia kwa bidii zaidi, wakihofu itarudi.

Bi Maimuna alishuka kilimani kwa njia ya Mtaa wa Randa. Kitambaa chake kilikuwa bado kwenye msumari, kimepauka. Shebe alikuwa ameketi kwenye kigogo, rafu zote tupu nyuma yake.

"Wamechukua na msufi wangu wote mkavu," akasema. "Hawakuniachia hata wa kuchokolea meno."

"Mbichi upo?"

"Upo."

"Basi."

Shebe akamtazama. "Mama, mvua zinarudi. Sikufichi."

"Sikukuuliza lini." Alikifungua kile kitambaa kilichochakaa, akachana ncha nyingine ya kanga, ile ya upande wa pili, akaifunga mahali pale pale. Alipokuwa akienda zake alisikia nyuma yake randa ikianza, taratibu, kwenye mti wenye maji.

Nyumbani kulikuwa kimya kama alivyokuacha. Bi Kauthari alipita, akanyamaza, akapita, ingawa safari hii alikawia kidogo mbele ya mlango.

Alfajiri, baada ya sala, Bi Maimuna alichukua maji akaliendea tonge lake dirishani. Alama ya kidole cha Bwana Ngwamba ilikuwa ingalipo. Alijaribu kuilainisha kwa kidole gumba, haikutoka. Udongo ulikuwa umeshaishika. Akalitilia maji hivyo hivyo, na yale maji yakajaa katika kile kishimo, yakatulia. Akainama kutazama. Ndani yake mlikuwa na kipande cha mbingu, kidogo kama kitone, nacho kilimtosha. Kitu cheusi kikapita humo, polepole, kikizunguka, huenda kipanga, huenda kitu kingine kilichokuwa kikitafuta mahali pa kukanyaga. Yeye hakuinua kichwa kuangalia.